Bei ya Mkazi

Mwaka wa kumi na moja huu nawauzia watu usiku.
Ofisi yetu ipo Arusha mjini, ghorofa ya pili,
juu ya duka la vipuri. Simu ikilia
naikunjua sauti yangu kama kitambaa cha meza:
"Ndani ya hifadhi, au nje ya geti?"
Ndani, nawaambia, simba atakungurumia bure
ila soda ni bei ya kuku.
Nje, utalala Mto wa Mbu kwa robo ya hela,
na wa kunguruma ni jenereta.
Hema? Zipu ifike mwisho. Nyani hawana adabu.

Nakijua chumba chenye maji ya moto kabla ya saa moja,
nakijua kinachotazama ziwa na kinachotazama jiko,
ingawa kwenye picha vyote vinatazama ziwa.
Nimevijua kwa malalamiko.
Sijalala hata kimoja.

Sasa bosi kanipa bahasha: usiku mmoja, watu wawili,
masika haya, popote palipo patupu.
Jumamosi nikapanda Nkoaranga na orodha,
nikaitandaza kwenye meza ya plastiki
kati ya birika na miwani ya baba.

Anaeli Kaaya husoma bei kama mkataba wa shamba,
kidole chini ya kila mstari.
"Hema lenye kitanda cha sita kwa sita!
Mimi nililala hemani mwaka mzima, tukichimba barabara.
Wao ndio walionilipa."
Hiki ni chumba juu ya mti, baba.
"Ngazi ngapi?"
Ishirini na sita.
"Mpe mwenye magoti."
Hii ya Karatu basi, safi, nafuu, wanapika mpaka mtori.
"Niuache mtori wa hapa nikaufuate Karatu?"

Kisha kidole kikasimama.
Hoteli kongwe, ukingoni mwa bonde,
niliyoiandika chini kabisa kwa sababu ya mabomba yake.
"Hii bado ipo?"
Ipo.
"Ukuta wa baraza, mawe meusi?"
Nikamjibu kama ninavyowajibu wote:
baraza lina mandhari ya kipekee, unaona ziwa lote, unaona—
"Sijakuuliza mandhari. Nimekuuliza ukuta."

Akaingia ndani. Nikasikia masanduku yakiburutwa.
Akatoka na timazi, uzi wake umekatika na kufungwa mara tatu.

"Miezi saba. Tulikuwa waashi kumi na wanane,
banda la mabati nyuma ya jiko, usiku mvua inapiga hatusikilizani.
Siku ya ufunguzi tukapewa soda
tukaambiwa tutokee nyuma.
Kona ya kushoto ilinishinda. Msimamizi ananikimbiza,
wageni wanakuja, wageni wanakuja.
Nikaiacha imeinama, upana wa kidole hivi."
Akakiinua kidole, kilekile cha kusomea.
"Mama yako alikuwa ananiuliza, mbona hulali."

Jumatatu nikapiga simu.
Binti wa upande wa pili, sauti imenyooshwa kama yangu:
"Wageni wa nje, au wakazi?"
Maneno yakanijaa mdomoni mpaka nikakohoa.
Wakazi, nikasema. Mmoja alikaa hapo miezi saba.
Hakuelewa; akaandika wawili.
"Chumba cha kutazama ziwa?"
Cha kutazama ukuta wa baraza. Kona ya kushoto.
Kimya. Karatasi zinageuzwa.
"Hicho hakiombwi na mtu, dada."
Basi kiko wazi, nikasema.

Jana usiku baba kapiga, salio lake mwenyewe,
kuuliza kama getini wanapekua mabegi.
Kaweka shati moja, sabuni, dawa ya presha,
na ile timazi, kaiviringisha kwenye soksi
isigongegonge njiani.