Jua Nalo Lina Kesi

Bi Kwamboka ameileta ndani ya gunia la pareto
kama mtu aletaye kuku mgonjwa,
pamoja na barua ya polisi iliyokunjwa mara nne.
"Ni ya upepo tu," asema, "haijaua hata panya."
Naiegemeza kati ya mizani na cherehani zinazongoja zamu
hapa Bondeni, nyuma ya kinu cha mahindi,
ambapo vumbi la unga na vumbi la ziwa
hukutana mezani pangu, usijue lipi ni lipi.

Naukunja mtutu. Hauna ubishi.
Unalegea kama goti la mlevi,
na ndani kitu kinacheza, kararara:
springi imekatika vipande viwili,
wosha ya ngozi imekauka ikawa biskuti.

Springi iliyokazwa haina urafiki.
Mwaka juzi moja ya mizani ilinirukia, ikaondoka na jino.
Kwa hiyo naibana kwenye jiliwa, nalegeza
nusu mzunguko, nusu mzunguko,
uso nimeugeuza kando kama anayepishana na mkwe.

Mpya niliipata kwenye lundo la vyuma chakavu.
Nikahesabu mizunguko thelathini na mmoja, nikakata,
nikaichoma ncha hadi rangi ya chungwa, nikailaza.
Ngozi ni ya kiatu cha shule cha binti yangu Nyakio,
cha kushoto, maana cha kulia kilishapotea.
Ililala usiku kucha katika mafuta ya cherehani,
ikaamka laini kama sikio.

Kutu niliifuata kwa mafuta taa na msasa.
Kwenye kitako, chini ya uchafu wa viganja vya watu,
namba iliyochongwa kwa msumari: 4.

Nikaweka msasa chini.

Maonyesho ya kilimo. Nina miaka tisa na shilingi mbili za baba.
Nyuma yetu fahali wa Njoro wanaogeshwa wapate utepe,
mbele yetu vikopo sita, na juu yake birika la maua mekundu
ambalo mama alilitazama mara mbili bila kusema.
Nikaomba namba nne kwa sababu ilikuwa fupi.
Risasi tano zenye viuno vyembamba
zikala turubai, zote kushoto.
Kaka yangu Gathogo alicheka hadi akakaa chini.
Baba hakucheka. Nilipoanza kujieleza alisema tu,
"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua."
Tangu siku hiyo napima mara tatu kabla sijakata.
Watu huita ufundi.

Leo nimeulaza mtutu juu ya kioo. Umenyooka.
Ila kinundu cha mbele, kile cha kulengea,
kimeegemea kulia upana wa punje ya mtama,
na ubavuni kina alama za meno ya koleo,
za zamani, zilizorudiwa.

Bi Kwamboka alipokuja nilimwonyesha kwa kidole tu.
Akavua miwani, akaifuta.
"Zakayo," akasema. "Kila asubuhi, kabla lango halijafunguliwa.
Namba mbili aliiacha sawa, ili mmoja ashinde, wengine waone."
Kisha: "Mabirika yalikuwa ghali."
"Niinyooshe?"
"Mjukuu anapiga makopo nyuma ya nyumba. Hauzi kitu. Nyoosha."

Mapigo matatu ya nyundo ya shaba,
kama kubisha mlango wa mgonjwa.

Jumamosi jioni, kinu kimezimwa, Nyakio ameziba masikio.
Nikausimamisha mkebe wa Kimbo mbele ya gunia la mchanga.
Hatua kumi.
Mafuta yalikuwa mengi; ikakohoa moshi wa bluu.
Gunia likaanza kuvuja uzi mwembamba wa mchanga,
mara hii upande wa kulia.
Mkebe haukutikisika.

Naukunja mtutu tena. Sasa una ubishi,
unasukumana na kiganja changu kama ndama.
Haya, baba, ulikuwa na haki kidogo.
Lakini jua nalo lina kesi.