Nyuma ya Turubai

Josiah, shemeji yangu,
nimekisoma kitabu chako chenye jalada la kijani.
Mjini Ludlow wanawake wanakisoma na leso mkononi,
hasa pale kwenye ukurasa wa arobaini:

*Waridi langu la mwitu, umelala kwenye maji,*
*umelindwa na misitu, umefunikwa theluji,*
*mto kwangu kama mtu, ndio wangu mfariji,*
*moyoni hamna kitu, ni kisima bila maji.*

Vizuri. Mizani imetimia.
Ila maji yamekuja mara mbili,
na Hester, aliyekuwa akikusahihishia kwa penseli,
asingaliyaacha yapite.

Na hakuwa waridi.
Alikuwa mtu wa kula jibini na kitunguu kibichi
akiwa amesimama, mlango wazi,
akiwatukana bata bukini wa jirani kwa majina ya maaskofu.
Viatu vilivyolowa alivichukia kuliko dhambi.

Lakini wewe ulitaka matete.
Ulitaka mwanga ule wa Oktoba unaotulia juu ya mto Teme
kama siagi juu ya mkate wa moto, kisha hauonekani.
Ukamkalisha ukingoni, gauni la hariri, miguu mitupu,
nami nyuma yako na shali yake mkononi,
nikionywa nisije nikatia kivuli.
Ukungu ukapanda. Akakohoa,
kikohozi kidogo, kama cha mtu anayeomba radhi.
Wewe ulikuwa ukiitafuta rangi ya kijani.

Tulimzika theluji haijayeyuka.
Wachimba kaburi waliwasha moto juu ya ardhi kwanza,
ndipo ikakubali sepetu.

Jana wachukuzi walikuja kuipeleka picha London;
bwana mmoja wa viwanda vya pamba ameinunua.
Wakaigeuza ili waifunge kwa magunia,
nami nikauona mgongo wake,
na mwandiko wako, bila kina, bila mizani:

*Oktoba tisa. Amesema ana baridi.*
*Nimemwambia dakika kumi tu.*
*Nimemwambia mara tatu.*

Miaka kumi na mmoja
uso wa picha umewatazama wageni
wakinywa chai, wakisifu majani ya matete moja moja,
na shairi lako pekee la kweli
limetazamana na chokaa ya ukuta.

Sikuwaambia wachukuzi kitu. Walikaza kamba, wakaondoka.

Nikashuka hadi mtoni.
Matete yamepaziba pale alipokaa,
bata mwitu ametaga humo, akanifokea.
Mto si mtu, Josiah, wala haufariji;
unapita tu, na povu lake, na manyoya,
na kipande cha ua wa mtu uliovunjika huko juu.

Nikavua viatu, mimi mwanamke wa miaka hamsini na miwili.
Nikatia miguu majini, maji ya Aprili,
nikaifungua saa ya marehemu baba nikaiweka mapajani,
nikazihesabu dakika zako kumi.

Ni ndefu, shemeji.
Ya nne tu, nilikuwa sivisikii tena vidole.