Kibali cha Barza

Mama aliomba kibali cha barza:
kikalio cha saruji ubavuni mwa mlango,
upana dhiraa moja, urefu wa watu wanne.
Baladia ya Ibra ikataka ramani, mihuri miwili
na sahihi ya jirani. Jirani alitia sahihi
kabla hajasoma; naye alitaka pa kukaa.

Jibu likarudi: sentimita arubaini
zimeingia barabarani. Haiwezekani.

"Barabara gani?" Mama akauliza.
"Hapo hupita mbuzi wa Rayya tu."
Usiku wa Ijumaa fundi Shafiqul akamaliza kazi,
mimi nimemshikia taa.

Jumapili akaja mkaguzi na futi yake.
Akapima. Akapima tena,
kama anayetumaini futi itabadili kauli.
Akatazama huku, akatazama kule,
hapakuwa na kiti,
akakaa
juu ya barza ile ile
kuandika amri ya kuibomoa.

Mama akatoka na dele na tende za khalasi.
"Andika taratibu, baba.
Hati ya serikali haitaki haraka."

Kikombe cha tatu sasa.
Ameandika tarehe.
Kikombe hajakitikisa.