Mnyororo wa Jernej

Nyuzi tisa chini ya sifuri. Maji ya chupa
yamekuwa jiwe kabla ya kilima cha kwanza.
Tinkara anacheka, mvuke unamtoka puani
kama birika lililosahauliwa motoni.

Tunaipanda Pohorje, wanne, bila gumzo,
matairi yakitafuna theluji kavu, kru, kru,
misonobari imeinama kwa mzigo wake.
Vidole vyangu niliviaga tangu saa mbili.

Kisha mnyororo wa Jernej ukakatika.

Hakuna aliyesema pole.
Boštjan alivua glavu, akashika chuma kwa mkono mtupu,
ngozi ikanata, akatukana matusi ya bibi yake.
Sisi watatu tukamzunguka, tukaupa upepo migongo,
tukawa ukuta.

Dakika kumi na saba
kwa pini moja ndogo kuliko punje ya mchele.

Mteremko siukumbuki vizuri:
macho yalijaa machozi ya baridi, breki zililia,
mtu mmoja alipiga yowe,
nadhani ni mimi.

Ule ukuta ndio naukumbuka,
mabega sita, joto dogo katikati, harufu ya grisi.

Boštjan hadi leo anamdai Jernej
kipande cha ngozi.