Shahidi Hakujibu

Miaka kumi na tisa nilisimama mbele ya vijana wa Bergen,
makoti yao yakichuruza mvua chini ya madawati,
nikawafundisha mirathi: nani hurithi, nani hukosa,
na jinsi ya kuigawa nyumba bila kuingia ndani.
Niliandika kitabu kimoja, kizito, cha kiada.
Hakuna aliyekisoma kwa hiari yake.

Kisha nikatoka chuoni, nikavaa joho,
nikapanga chumba juu ya duka la mikate
na kesi zikanijia zikinukia iliki.

Ndugu wawili wa Askøy, na banda la mashua.
Nilimtetea mkubwa. Dada yao, Herborg,
akapanda kizimbani, nami nikamuuliza:
Baba yenu alimpa nani ufunguo?

Karani akaandika: Shahidi hakujibu.
Maneno mawili. Kwa hayo tulishinda.

Lakini mimi nilikuwepo.
Niliona alivyovua glavu moja, akaivaa tena,
gamba la samaki limeng'ang'ania sweta yake,
akamtazama mdogo wake kama mtu anayehesabu sahani
na kukuta moja imezidi.
Alijibu. Alijibu dakika nzima.
Ila jibu lile halikuwa na wa kuliandika.

Mteja wangu alinilipa, akaniongezea samaki mkavu.
Fedha nilizila. Samaki alining'inia ghalani
mpaka panya wakamhurumia.

Sasa nina sitini na mmoja, leseni nimeirudisha,
na Eilif, mume wangu, anauliza kama ni ugonjwa.
Naandika jikoni. Mazoea yana taabu:
kila aya naitia nambari,
naandika "mlalamikiwa" panapotakiwa "kaka,"
na Synne, mhariri wangu, umri wa binti yangu,
anafyeka "kwa mujibu wa" kwa kalamu ya kijani,
mara nne ukurasa mmoja.
Nani anaongea hivi? ananiuliza.
Mimi, mwanangu. Mimi na mahakama nzima.

Nimefika sura ya tatu. Herborg bado yuko kizimbani.
Nimempa dirisha, nimempa glavu,
wakili nimemwambia aketi.

Zamani sikuwahi kuuliza swali nisilojua jibu lake;
ndiyo kanuni ya kwanza niliyowafundisha wale vijana.
Leo nauliza, naweka kalamu chini,
na maji ya chai yanachemka
mpaka birika linakauka.