Sampuli ya Arobaini na Moja

Bi Somoe huleta kombe kwenye ndoo ya rangi
iliyobaki alipojengewa nyumba Kijichi.
Huhesabu kwa sauti, kama anayelipa deni:
thelathini na tisa, arobaini,
na mmoja wa nyongeza. "Huyu wako, mwanangu,
mtie nazi, mumeo ale."
Mwaka wa pili huu, sijamwambia
kwamba humu chumbani hatupiki.

Humu tunapasua.
Mimi ni fundi wa maabara, si mtafiti;
jina langu haliingii kwenye ripoti,
ila harufu ya fomalini hunifuata hadi Temeke,
inalala nami, inaniamsha.
Kisu kati ya midomo miwili, mkato mmoja,
nyama inanywea, inatema tope la Kizinga.
Kipande chembamba kuliko ganda la kitunguu,
tone la rangi ya waridi, kioo juu yake,
kisha jicho.

Masika yamekwisha. Jike alipaswa kuwa amefura,
mayai yamebanana kama mtama guniani.
Naona ghala lililofagiwa.
Mayai matatu. La nne limepasuka,
na mwili uleule uliolitunga unalinywa
taratibu, kama mwenye nyumba
anayechoma milango yake apate kuni.

Daktari Kileo hunieleza akipata nafasi:
ndani ya kombe mna tarishi asiye na miguu,
hupita mwilini na neno moja tu:
bamvua linakuja, jiandaeni.
Sasa kadmiamu imepiga hodi
imevaa kitambulisho cha kalsiamu.
Bawabu katazama picha, kafungua.
Imekaa kitini, inapokea barua
na kuzichana.
Bamvua limekuja, limerudi,
na ndani hakuna aliyeambiwa.

Na risasi?
Nilikua nikidhani risasi lazima ilie.
Hii haikulia. Ilishuka na maji ya mvua,
ikajikunja topeni,
ikasubiri mdomo ambao kazi yake ni kuchuja.

Leo Bi Somoe kaja mapema,
kanga imelowa hadi magotini,
kakuta kioo hakijaondolewa.
Ni cha arobaini na moja, yule wa nyongeza,
aliyekuwa wangu.
"Nami nione."
Kavua miwani, kainama,
kaangalia muda mrefu kuliko wanafunzi.
"Huyu tasa."
"Si tasa, bibi. Kadanganywa."
"Na nani?"

Ningeweza kusema: viwanda. Ni kweli, kwa sehemu.
Ningeweza kusema: mji.
Macho yakaniponyoka, yakaangukia ndoo,
nikakumbuka alivyonisimulia mwaka jana, kwa fahari,
jinsi Kondo wake anavyopasua betri za magari Mbagala,
anavyoyeyusha sufuriani na kuuza kwa kilo,
tindikali akiimwaga mferejini, "mbali na watoto,"
na bati, na saruji, na hii rangi ya bluu
vyote vimetoka humo.

Nikasema, "Ni maji, bibi."
Akasema, "Maji hayana ulimi,
ndiyo maana mnayasingizia."

Akafunga elfu kumi yake kwenye pindo la kanga,
akaanza kuokota makaka kwenye karai,
moja moja, akiyapangusa.
"Haya nipe, nikawatwangie kuku.
Siku hizi wanataga mayai laini,
ukiyashika yanabonyea."

Nimeushika mfuko.
Yeye kaushika upande wa pili.
Hatujaachiana.