Mdaiwa wa Bondeni

Mimi ni mweka hazina wa kikoba, hapa Kayenze,
mwaka wa sita huu. Naijua sura ya mtu
aliyekwama na marejesho:
anasalimia mara mbili,
anauliza watoto, anauliza mpaka kuku.

Kwa hiyo uzuri haunibabaishi.

Ua lile limesimama kwenye tope nyuma ya majaruba yangu,
pale ambapo jembe la mama mkwe halikuvuka.
Bua lake linanipita kimo, na mimi si mfupi.
Majani yana mikunjo kama sketi ya shule Jumatatu,
na kule juu, moja baada ya jingine, yanafunguka
masikio ya zambarau.
Asubuhi anakuja nyuki mweusi,
yule fundi anayetoboa boriti za jiko langu.
Anajibamiza ndani, anasukuma, anatoka kinyumenyume
na kifurushi cha njano mgongoni,
tumbo tupu.

Hakuna asali mle. Hata tone.

Aliyeniambia ni Nkwimba, mwanafunzi wa chuo,
alikuja na magazeti ya zamani na mbao mbili
za kukandamizia majani.
Gambuti zilikuwa za kaka yake, namba tisa.
Moja ikamezwa na bonde; hatujaipata.
"Hii ni Yulofia," akasema, mguu mmoja mtupu,
"okidi ya ardhini. Ina ndugu wengi."
Akawataja: wa njano, anayependa tope hilihili;
wa waridi, mwenye kofia, anayechomoza nyasi zikishaungua;
na yule anayejibanza kwenye mawe ya Ilemela
ambako nyumba zimepanda juu kama mbuzi.
Nikamuuliza, na hao wote hawalipi?
Akacheka. "Wengi wao, mama, hawalipi."

Ukoo mzima wa wakopaji.

Kisha akapasua kifuko kikavu kiganjani pake.
Nilitarajia mbegu, nikaona vumbi.
Punje haina akiba hata ya siku moja, alisema,
mpaka iangukie ukungu fulani udongoni,
nao ukubali kuilisha, gizani, miaka.
Usipokubali, basi.
Akapuliza.
Vumbi likaelekea ziwani.

Usiku nilifungua daftari, ukurasa wa nyuma:
Nyuki. Safari kumi na nne. Malipo, sifuri.
Chini yake nikaandika Ukungu,
nikashindwa kujaza.

Shemeji Lushinge anataka tuchimbe mfereji, maji yatoke.
Magunia matano zaidi, anasema, na hajakosea,
nimepiga hesabu mwenyewe.
Hata mama mkwe waliwahi kumwambia hivyohivyo.
Holo hakuwa mtu wa maneno.
Alisema, "Pale nadaiwa,"
akaendelea kupalilia.
Deni la nini, hakusema. Alikufa nalo, bila risiti.
Mume wangu anadhani lilikuwa la mwaka wa njaa,
kitu walichokichimba wakala.
Wifi anasema mama alikuwa mkaidi tu.

Alhamisi, kwenye kikao, nikamsalimia mwenyekiti.
Nikamsalimia tena.
Nikajisikia nikiuliza, na kuku wako, Ngollo, wanataga?
Akanitazama.
Wiki mbili sijarejesha, mimi,
ninayeshika ufunguo wa sanduku.

Leo nimeshuka bondeni na jembe.
Maji yamefika kwenye ugoko, ya baridi.
Nikahesabu mabua: tisa, mwaka jana yalikuwa saba.
Magunia matano. Wiki mbili. Mabua tisa.
Nimezoea namba zinazokubali kujumlishwa.

Nyuki akanipita sikioni, mzito kama pikipiki ya mkopo,
akaingia palepale alipodhulumiwa jana.

Jembe nimeliegemeza begani. Kalamu ninayo, iko kwenye kilemba.
Safari ya kumi na tano.